Roboti ya kwanza kitaluni: jinsi ya kufunga mkono wa kumwagilia unaojiendesha

Mtu aliyezoea kitalu cha miche haulizi kama miche ina kiu. Anapita kati ya meza, anainua trei moja kwa ncha za vidole, anairudisha na kusema "bado" au "tayari", na mara nyingi anakuwa sahihi. Nimefanya kazi ya miche na vipandikizi vya maua upande wa Usa River, Arusha, chini ya Mlima Meru, na kila niliposikia habari za roboti katika vitalu nyumba nilijiuliza: mashine itaujuaje uzito wa trei? Jibu lilipopatikana, mengine yote yalikuwa kazi ya fundi wa kuchomelea, fundi umeme na mtu mmoja mwenye subira.

Hapa naeleza namna ya kufunga roboti ya aina moja tu: mkono wenye nozeli unaotembea juu ya meza za miche, unaopima kiu ya miche, unaomwagilia na kurudi mahali pake. Usitafute umbo la mtu lenye mikono miwili. Mashine inayohisi, inayoamua kutokana na ilichohisi, kisha ikasogea na kufanya kazi, hiyo ni roboti, hata ikiwa imeundwa kwa mabomba na mota ya waipa.

Kwa nini tuanze na maji? Kwa sababu kumwagilia ndiyo kazi inayorudiwa kila siku bila sikukuu, tena ndiyo inayoua miche mingi pale mkono wa mtu unapochoka. Anayemwagilia kwa mpira huanza saa moja asubuhi kwa uangalifu. Ikifika saa nne jua limewaka na mkono umelegea, trei za katikati zinaoga na za pembeni zinabaki kavu. Matokeo unayajua: katikati kinyausi, yaani kuvu inayoozesha shina la mche, pembeni miche iliyodumaa.

Wenzetu walianzia wapi

Huko Massachusetts, Marekani, kampuni ya Harvest Automation, iliyoanzishwa na watu waliotoka kampuni ya roboti ya iRobot, ilitengeneza roboti ndogo iitwayo HV-100. Kazi yake ilikuwa kubeba vyungu vya miche na kuvipanga kwa nafasi sawa katika bustani za miche. Haikuhitaji akili nyingi. Iliongozwa na utepe unaong'aa uliotandazwa ardhini kuwa mpaka, ikachukua chungu, ikakiweka, ikarudi kuchukua kingine. Uholanzi nako, kampuni ya Visser ina mashine ya AutoStix inayochomeka vipandikizi vya maua kwa maelfu kwa saa, lakini inaweza hivyo kwa sababu vipandikizi vimekwisha kupangwa na mikono ya watu kwenye mikanda maalumu kabla ya kufika kwenye mashine. Afrika Mashariki ni sehemu mojawapo vinakokatwa vipandikizi vya maua ya Ulaya, kwa hiyo habari hii si ngeni kwetu.

Angalia kilichotangulia katika mifano yote miwili. Watu walisawazisha kwanza: vyungu vya aina moja, ardhi tambarare, vipandikizi vya urefu mmoja. Hatua tatu za mwanzo katika mwongozo huu hazina roboti ndani yake kwa sababu hiyo hiyo. Ukiziruka utakuwa umenunua chuma cha kukuumiza kichwa.

Hatua ya 1: daftari la wiki mbili

Kabla hujanunua hata skrubu, chukua daftari na mizani ya jikoni inayosoma gramu. Chagua trei kumi katika nyumba ya miche (yaani kitalu nyumba): nne za pembeni, nne za katikati, mbili za karibu na mlango. Zipime asubuhi kabla ya maji, zipime nusu saa baada ya maji, zipime tena jioni. Andika pia muda uliotumika kumwagilia nyumba nzima, na idadi ya miche iliyokufa kwa kila trei.

Kwa wiki mbili utakuwa na namba mbili zenye thamani kuliko kifaa chochote. Ya kwanza ni uzito wa trei iliyoshiba. Ya pili ni uzito wa trei ambayo yule mzoefu wako, akiinua, anasema "tayari, ipe maji". Mwite, mwambie ainue, kisha pima na uandike. Fanya hivyo mara nyingi, kwa miche michanga na miche iliyokomaa, maana uzito huo hubadilika miche inapokua. Maarifa ya mtu huyo ndiyo yatakayoingia kwenye mashine, basi mheshimu na umweleze tangu mwanzo unachokusudia.

Hatua ya 2: nyoosha nyumba

Nachukulia nyumba ya mita 8 kwa 30, kipimo cha kawaida kwetu. Meza zote ziwe na kimo kimoja. Vuta kamba kutoka meza ya kwanza hadi ya mwisho na usikubali tofauti inayozidi sentimita 2, kwa kuwa mkono utapita kwa urefu usiobadilika, na meza iliyoinuka itapata mstari mwembamba wa maji huku iliyozama ikipata zaidi kwenye maungio.

Tumia trei za aina moja katika nyumba moja. Hapa watu wengi hubisha, wana trei za matundu 66, 128 na 200 walizozikusanya kwa miaka. Sikulaumu, ila elewa kwamba tundu kubwa na tundu dogo hayakauki kwa mwendo mmoja, na mkono hautasimama kuuliza. Kama huwezi kununua trei mpya zote, basi zitenge: theluthi ya kwanza ya nyumba iwe ya aina moja, theluthi inayofuata ya aina nyingine. Baadaye mkono unaweza kufundishwa kupita taratibu hapa na haraka pale.

Udongo wa trei nao uwe mmoja. Kokopiti, yaani unga wa maganda ya nazi, iliyooshwa vizuri inafaa. Ikiwa haijaoshwa huwa na chumvi, na maji sawasawa juu ya chumvi isiyo sawa hayatakupa miche sawa.

Hatua ya 3: maji yenyewe

Nozeli ina tundu dogo. Mchanga wa kisima, majani ya tangini na chokaa vitaiziba ndani ya siku chache. Weka chujio la diski la mikroni 130 baada ya pampu, na geji ya presha kabla na baada ya chujio. Tofauti ya presha ikianza kukua, osha diski. Tangi liwe jeusi au lifunikwe ili mwani usiote.

Pima pia pH (kiwango cha uasidi) na EC (kiwango cha chumvi) ya maji. Maji mengi ya visima ya mikoa yetu ya volkano yana bikaboneti nyingi, nayo hupandisha pH ya udongo wa trei polepole hadi majani yanakuwa ya njano kwa kukosa chuma ingawa mbolea ipo. Upande wetu wa Meru kuna la ziada, floridi, inayojulikana kwa kuharibu meno ya watu. Kwa mimea kama dracaena, gladiolasi na maua ya jamii ya yungiyungi, floridi huunguza ncha za majani. Ukimwagilia kutoka juu kwa mkono unaojiendesha, maji hayo yatapita juu ya majani kila siku. Kama una maji ya mvua, yahifadhi kwa ajili ya mimea hiyo.

Hatua ya 4: reli na kitoroli

Una njia mbili. Ikiwa nyumba yako ni ya mabomba ya chuma yaliyofungwa vizuri, reli inaweza kuning'inia katikati ya paa. Ikiwa ni ya miti, tafadhali usithubutu. Mkono, kitoroli na mpira uliojaa maji huweza kufikia kilo 60. Piga hesabu ya mpira peke yake: wa robo tatu ya inchi, mita 30, unabeba zaidi ya lita 8 za maji. Mzigo huo ukisafiri chini ya paa la miti siku hadi siku, utaona nailoni inaanza kulegea, na siku ya upepo mkali utapoteza nyumba yote. Kwa nyumba ya miti weka reli chini, kwenye njia ya katikati: pau mbili za chuma cha pembe zilizolala juu ya zege, zikiwa zimegeuzwa migongo juu, na kitoroli chenye magurudumu yenye mfereji kinachokaa juu ya migongo hiyo. Mkono unatoka pande zote mbili kama mbawa, ukishikiliwa na nyaya kutoka kwenye mlingoti wa katikati.

Mota niliyoipenda ni ya waipa ya lori, volti 24. Ina gia ndani, imetengenezwa kuvumilia maji, na kwa spidi ndogo huzunguka kama mara 40 kwa dakika. Ukiiunga na gurudumu la kipenyo cha sentimita 5, kila mzunguko unasogea karibu sentimita 16, na kwa dakika unapata zaidi kidogo ya mita 6. Huo ni mwendo mzuri wa kumwagilia. Jihadhari na jambo moja ambalo fundi wa magari analijua na fundi wa majumbani huenda halijui: kwenye mota nyingi za waipa, ganda lenyewe ndilo hasi. Ukitaka mota irudi nyuma ni lazima uitenge na chuma cha kitoroli kwa mpira au plastiki ngumu, la sivyo siku ya kwanza utakapogeuza waya fyuzi itaungua.

Gurudumu la chuma juu ya reli iliyolowa huteleza. Livishe mpira, au tumia mnyororo uliolazwa kando ya reli. Baada ya kufunga, pima mwendo wa kweli kwa saa ya simu, mita 30 kwa dakika ngapi, ukiwa na mpira uliojaa maji. Usitumie namba ya kwenye karatasi.

Mpira wa maji na waya wa umeme vining'inie kwa mikunjo kwenye waya wa juu, kama pazia linavyokusanywa, ili visiburuzwe sakafuni. Katika kitalu chetu mpira ulioburuzwa ulikamata mguu wa meza wiki ya kwanza tu, mota ikaendelea kuvuta, na meza nzima yenye trei za kabichi ikalala chini.

Hatua ya 5: nozeli na hesabu yake

Tumia nozeli bapa za nyuzi 110, zile zile za mashine za kupulizia dawa, zinapatikana katika maduka ya pembejeo. Rangi zake zinafuata kanuni ya kimataifa: ya njano hutoa lita 0.8 kwa dakika ikiwa presha ni bar 3, ya bluu lita 1.2, nyekundu lita 1.6. Zipange kila sentimita 50, ziwe juu ya majani kwa sentimita 50 vile vile, ili mitawanyiko ya maji iingiliane. Zigeuze kidogo, kama nyuzi 10, zisigongane uso kwa uso. Zile zinazoangukia njia za kupita watu, ziba.

Hesabu ni hii, na ni vyema kuibandika ukutani. Chukua lita za nozeli moja kwa dakika, gawanya kwa nafasi kati ya nozeli kwa mita ikizidishwa na mwendo wa mkono kwa mita kwa dakika. Kwa nozeli ya bluu: 1.2 kugawanywa kwa 0.5 mara 6, unapata lita 0.4 kwa kila mita ya mraba katika safari moja.

Sasa rudi kwenye daftari lako. Tuseme trei ya sentimita 54 kwa 28, ambayo ni mita za mraba 0.15, hupungua gramu 450 kutoka kushiba hadi "tayari". Hizo ni lita 3 kwa mita ya mraba. Safari moja ni lita 0.4, hivyo unahitaji safari nane, yaani kwenda na kurudi mara nne, dakika 40 kwa jumla. Usijaribu kuokoa muda kwa kuweka nozeli kubwa na safari mbili. Kokopiti iliyokauka hukataa maji mwanzoni. Safari ya kwanza huilainisha, ya pili na ya tatu ndizo zinazonywewa. Maji mengi kwa mpigo hupita kando ya udongo na kuishia sakafuni yakiwa na mbolea yako.

Nozeli 14 za bluu hula karibu lita 17 kwa dakika. Pampu ya nusu nguvu-farasi inatosha kabisa, mradi iwe na kidhibiti cha presha. Lisha bomba la mkono kutoka katikati, si kutoka ncha moja, ili presha ya kushoto na kulia ilingane.

Nunua nozeli zenye kizuizi cha matone. Hili nalisema kwa uchungu. Mkono wetu wa kwanza haukuwa nazo, na kituo chake cha kupumzika kilikuwa juu ya meza ya mwisho. Kila baada ya kumwagilia, maji yaliyobaki bombani yalidondoka usiku kucha juu ya trei zile zile, na ndani ya siku tano miche ya pilipili hoho iliyokuwa pale ilianguka yote kwa kinyausi. Weka kituo nje ya eneo la meza, juu ya ndoo au mfereji. Hapo hapo ndipo mkono utakapotema maji ya moto: mpira uliolala kwenye jua la saa tano hubeba maji yanayoweza kuunguza miche ya siku kumi. Programu ianze kwa kumwaga kituoni kwa dakika moja kabla kitoroli hakijasogea.

Hatua ya 6: mizani inayoinua trei

Hapa sasa ndipo jibu la swali langu la mwanzo. Chini ya trei moja weka kihisi cha uzito, kile kipande cha alumini kilichomo ndani ya mizani za dukani, chenye uwezo wa kilo 5, kikiunganishwa na bodi ndogo ya HX711 inayokisoma, na kidhibiti (kompyuta ndogo) kama ESP32. Vyote ni vya bei ndogo na mafundi wa elektroniki wa Arusha, Dar es Salaam au Nairobi wanavijua. Kihisi kifunikwe na plastiki kisilowe, na trei ikae juu yake bila kugusa majirani zake.

Weka mizani tatu katika nyumba: moja pembeni upande wa jua la mchana, moja katikati, moja karibu na mlango. Mashine isiamue kwa mizani moja. Iamue kwa namba ya kati, ile isiyo kubwa wala ndogo kuliko zote tatu, kwa maana mizani moja ikiharibika, au panya akikaa juu yake, au mtu akiegemeza ndoo, zile nyingine mbili zitaishinda kwa kura.

Kwa nini uzito na si vijiti vya kupima unyevu vinavyochomekwa udongoni? Tundu la trei ni dogo mno kwa kijiti, na kokopiti haishikani nacho vizuri, hivyo kijiti husoma hewa. Vijiti vinafaa kwenye vitanda vya waridi au mifuko mikubwa.

Namba ya "tayari" ibadilishwe kadiri miche inavyokua. Miche ikiwa na majani manne ina uzito wake yenyewe, na mashine isiyojua hilo itadhani trei bado imeshiba. Mara moja kwa wiki, yule mzoefu wako ainue trei ya mizani na kusema. Ikiwa hakubaliani na mashine, fuata kauli yake na urekebishe namba.

Kwa vipandikizi ambavyo havijaota mizizi, kama krisanthemamu, uzito hausaidii kitu. Kipandikizi hakinywi kwa mizizi, kinahitaji jani lake lisikauke. Hapo mkono upite upesi, kwa nozeli ndogo za ukungu, na uongozwe na mwanga: jua likiwaka sana upite mara nyingi, mawingu yakitanda upunguze. Saa ya ukutani haijui kama leo Meru imefunikwa na wingu.

Hatua ya 7: kinga isiyotegemea programu

Hii ni hatua ya uhai, yako na ya miche.

Kila kilichomo ndani ya nyumba yenye maji kiwe cha volti 24 au chini. Pampu ya umeme mkubwa ikae nje, na laini yake iwe na breka inayokata umeme unaovuja. Mwisho wa reli, kila upande, funga swichi inayogongwa na kitoroli na kukata waya wa mota moja kwa moja. Usiridhike na swichi inayoiarifu tu programu, kwa kuwa programu huganda, waya uliokatika haugandi. Weka kitufe chekundu cha dharura mlangoni na kingine kwenye kitoroli. Vali ya umeme iwe ya aina inayojifunga umeme unapokatika. Ongeza saa ya nje inayozuia pampu kufanya kazi zaidi ya dakika 60 mfululizo, na swichi ya kuelea tangini inayozima pampu maji yakiisha.

Umeme utakatika, huo si muujiza kwetu. Betri mbili za volti 12 na paneli ya sola vinatosha kuendesha kitoroli na kidhibiti, lakini pampu ni mzigo mwingine. Acha bomba la zamani na mpira wake mahali pake, likiwa na vali ya mkono inayopita kando ya mashine yote. Kila mfanyakazi ajue kuifungua. Kidhibiti kiwe na laini ya simu na kitume ujumbe mfupi pale mambo mawili yanapotokea: mkono umeanza safari na haukufika mwisho, au trei imeshuka chini ya "tayari" na maji hayakuja. Kitume kwa watu wawili, si kwa mmoja.

Hatua ya 8: vikombe

Usiingize mche hata mmoja kabla ya jaribio hili. Panga vikombe 20 vinavyofanana kwa mstari unaokatiza chini ya mkono, kisha vingine 20 kwa urefu wa nyumba. Endesha safari kumi. Pima maji ya kila kikombe kwa bomba la sindano. Tafuta wastani wa vyote, halafu wastani wa vile vitano vyenye maji kidogo zaidi katika kila mstari. Gawanya wastani wa vitano kwa wastani wa vyote, zidisha kwa 100. Ukipata 90 au zaidi, umefanya vizuri. Chini ya 85, kuna nozeli iliyoziba, mkono uliopinda, au presha isiyolingana. Rekebisha na urudie.

Hata ukipata 95, pembe za meza zitakauka kwanza kwa sababu upepo huzipiga pande mbili. Nozeli za mwisho za kila ncha zinaweza kuwa za rangi inayofuata kwa ukubwa. Sisi tuliweka nyekundu kwenye ncha na bluu kwingine, na pembeni pakatulia.

Hatua ya 9: majuma ya mwanzo, na watu

Wiki mbili za kwanza mashine isimwagilie peke yake. Ioneshe taa ikisema "tayari", na mtu abonyeze kitufe. Kila mara anapokataa, aandike sababu. Sisi tulijifunza mengi katika daftari hilo, kwa mfano kwamba mashine ilitaka kumwagilia saa kumi na moja jioni baada ya siku ya joto. Mzoefu wetu alikataa: majani yakilala na maji, asubuhi utakuta ugonjwa wa ukungu wa kijivu. Tukaweka sheria kwamba baada ya saa tisa alasiri mkono haupiti isipokuwa trei imeshuka sana.

Kuhusu ajira sitazunguka. Mama aliyekuwa akimwagilia kitaluni kwetu aliniuliza mbele ya wenzake kama hiyo mashine imekuja kumfukuza. Ana haki ya kuuliza, na wewe una wajibu wa kujibu kabla ya reli kufungwa. Saa zile tatu za kila siku alizokuwa ameshika mpira sasa anazitumia kukagua chini ya majani kutafuta utitiri na inzi weupe, kuziba mapengo kwenye trei, na kusimamia mashine yenyewe. Idadi ya trei tunazouza zikiwa kamili imepanda, na posho yake imepanda nayo. Usifunge mashine hii ikiwa hesabu yako inakaa sawa tu kwa kumwondoa mtu huyu, maana ndiye anayejua mashine inapokosea.

Hatua ya 10: matunzo, na roboti ya pili

Kila Jumamosi osha chujio, pitisha macho kwenye nozeli zote mkono ukiwa kituoni, na zile zenye chokaa zilaze kwenye siki usiku mmoja. Usizichokoe kwa waya, tundu likipanuka namba ya lita inabadilika na hesabu yote inaharibika. Kila mwezi rudia vikombe 20. Kila msimu badilisha mpira wa gurudumu, na kagua nyaya za mbawa kwa kutu.

Ukishamaliza mwaka mzima bila kupoteza meza, unaweza kuwaza kinachofuata. Kwa wazalishaji wa waridi, kama wa Naivasha na Timau nchini Kenya, kilio kikubwa sasa ni nondo aitwaye kitaalamu Thaumatotibia leucotreta, ambaye Umoja wa Ulaya umebana masharti yake kwa waridi kutoka Afrika. Kampuni ya PATS ya Uholanzi inatumia kamera zinazotambua nondo wanaoruka usiku ndani ya nyumba. Kwa mkaguzi wa shamba hizo kamera zina faida kuliko mkono wa kuvuna. Ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu, nao unaweza kupigwa kwa mwanga wa UV-C (urujuanimno mkali), kama inavyofanya roboti ya Thorvald kutoka Norwe kwenye stroberi. Inapita usiku kwa sababu kuvu hutumia mwanga wa mchana kujitibu, na gizani haiwezi. Mwanga huo huunguza macho na ngozi ya mtu, kwa hiyo mlango uwe na swichi inayouzima mara unapofunguliwa.

Lakini kabla ya kuagiza chochote kutoka Ulaya, uliza kinatembea juu ya nini. Mashine nyingi za huko zimeundwa kupita juu ya mabomba ya kupashia joto yaliyolazwa kati ya mistari ya mimea, na nyumba zetu nyingi hazina mabomba hayo. Kitu cha kwanza cha kupima ni upana wa njia zako, kisha ugumu wa sakafu wakati wa masika. Reli uliyokwisha kuweka kwa ajili ya mkono wa maji inaweza kubeba pia taa za UV-C au kamera ya kukagua miche, hivyo unapoichomelea acha mashimo ya boliti kwenye mlingoti, manne kila upande, na waya mmoja wa ziada kwenye mikunjo.